Majoka Hajawahi Kufika Milimani

Kuna kitenzi kimoja ambacho mahakama za Kenya zimekitwika mzigo mkubwa: kutajwa. Ukisikia kwenye taarifa ya saa moja kwamba kesi ya mheshimiwa fulani itatajwa mwezi ujao, usidhani kuna shahidi atakayeapishwa siku hiyo. Faili litaitwa. Mawakili watasimama. Mmoja atasema bado hajapewa stakabadhi fulani, mwingine atasema hana pingamizi, hakimu atafungua shajara na tarehe nyingine itapatikana. Kisha mheshimiwa atatoka nje, atawapungia mkono wafuasi waliokodishiwa matatu, na Jumapili utamwona kanisani akitoa mchango wa paa. Kesi haijasikilizwa. Imetajwa tu, kama jina la mjomba aliyeenda ng'ambo miaka ya tisini na hakuna anayejua kama bado yuko hai.

Ndiyo maana kila kashfa mpya ikitokea nchi hii, swali la kwanza mtandaoni huwa kuhusu kashfa ya zamani. "Kwani ile ingine iliishia wapi?" Hakuna anayejibu, kwa sababu nyingi hazikuishia popote. Tunakasirika wiki mbili, tunatengeneza picha za utani, halafu inakuja nyingine na tunahama nayo. Wasee wamechoka, na wana haki ya kuchoka.

Lakini mimi nataka kuuliza swali la mtu wa vitabu. Sisi tuliosoma fasihi ya Kiswahili hadi kidato cha nne tumesoma hadithi ngapi za viongozi wafisadi? Nyingi mno. Tulikariri sifa zao, tukaandika insha za kurasa nne kuhusu "maudhui ya uongozi mbaya". Basi kwa nini hakuna hata kitabu kimoja kati ya hivyo kinachotusaidia kuelewa mheshimiwa anavyoshtakiwa mwaka mmoja na kubaki mheshimiwa miaka sita baadaye? Dai langu ni hili: fasihi yetu imetufunza kumtambua kigogo na kungoja siku ya kuanguka kwake. Haijatufunza kuitazama kesi yake. Na ni ndani ya kesi, pale katikati panapochosha, ndipo anaponusurika.

Tuanze na Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambayo wengi wenu mnaijua kuliko mnavyoijua wadi yenu. Majoka anaitawala Sagamoyo, amefunga soko la Chapakazi, Jabali ameuawa, na mshauri wake Kenga yuko kila mahali akinong'ona. Tunu na Sudi wanakataa kunyamaza. Mwisho wake unaukumbuka: umati unakusanyika, Majoka anamwamuru mkuu wa polisi, Kingi, apige watu risasi, Kingi anakataa, na utawala unaporomoka hapo hapo. Hata Kenga anavuka upande. Ni onyesho tamu. Darasa zima lilikuwa likipiga makofi.

Kabla yake kulikuwa na Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Cheneo inaoza, wafanyakazi wa baraza wanagoma, Meya anakula mayai na kulalamika kwamba ni madogo huku hospitali haina dawa. Anapanga na Bili hata kuiuza fimbo ya umeya. Mwishoni askari wanaingia na kumtia mbaroni. Pazia linashuka.

Na katika miaka hiyo hiyo tulikuwa na riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea. Mtemi Nasaba Bora amejaza Sokomoko dhuluma, ardhi aliyonayo ina hati za kughushi, watu wamefungwa kwa makosa ambayo hawakutenda. Riwaya inafika mwisho na Mtemi anakutwa amejinyonga.

Weka miisho hiyo mitatu sambamba. Mmoja anaangushwa na umma, mwingine anakamatwa, wa tatu anajiua. Hakuna hata mmoja tunayemwona akisomewa hukumu. Hatuoni shahidi akiulizwa maswali. Hatuoni karani akitafuta faili lililopotea. Tunajua Jabali aliuawa, lakini tamthilia inaisha kabla ya mtu kushtakiwa kwa kifo chake. Kukamatwa kwa Meya wa Cheneo kunachukuliwa kuwa ndiyo haki yenyewe, ilhali kila Mkenya aliyewahi kutazama habari anajua kwamba pingu ni sura ya kwanza tu. Arege alishusha pazia mahali ambapo nchi hii huanzia kuchosha.

Silaumu waandishi hawa kwa kutojua sheria. Tamthilia ya jukwaani inahitaji kilele, na huwezi kuwaweka watu kwenye viti vya plastiki saa tatu wakitazama kesi ikiahirishwa. Pia vitabu hivi viliandikwa vipite mikononi mwa watahini na walimu, na kigogo anayeponyoka kabisa asingeeleweka vizuri katika mwongozo wa kusahihisha. Lakini zao lake ni kizazi kilichoingia utu uzima kikiamini kwamba ubaya wa kiongozi ukishafichuliwa, kazi imebaki ndogo.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Mahakama inapoingia kwenye jukwaa letu, tazama nani yuko kizimbani. The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ya 1976, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, imeijenga mahakama nzima jukwaani, na mshtakiwa ni mpigania uhuru. Na ukirudi kwenye historia yenyewe utaona mwendo wa serikali inapotaka. Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956. Alishtakiwa Nyeri, akahukumiwa, akakata rufaa, rufaa ikatupwa, na 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Haikufika hata miezi minne.

Sasa tulinganishe na miisho halisi ya wakati wetu. Nitachukua mitatu, ili tulingane na vile vitabu vitatu.

Wa kwanza ni mabwawa ya Arror na Kimwarer, Elgeyo Marakwet. Julai 2019, Henry Rotich, aliyekuwa bado Waziri wa Fedha, alikamatwa na kushtakiwa pamoja na wengine kuhusu mradi ulioripotiwa kugharimu shilingi bilioni 63. Waziri wa Fedha akiwa madarakani, kizimbani! Nchi ilisimama. Miaka minne baadaye, Desemba 2023, aliachiliwa pamoja na wenzake. Kwenye orodha ya mashahidi 49, ni 8 tu ambao upande wa mashtaka uliwauliza maswali. Hakimu aliulaumu upande wa mashtaka waziwazi. Mabwawa yenyewe hayapo.

Wa pili ni wa Rigathi Gachagua. Mwaka 2021, akiwa mbunge wa Mathira, alishtakiwa katika kesi iliyohusu shilingi bilioni 7.3. Agosti 2022 alichaguliwa Naibu Rais. Novemba mwaka huo huo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliomba kuiondoa kesi, akitaja upungufu wa ushahidi, na mahakama ikakubali. Hapa watu hugawanyika kwa mapenzi ya kisiasa: wengine wanasema alionewa tangu mwanzo, wengine wanasema cheo kilimwokoa. Lakini hebu fikiria bila chama. Ama mtu alishtakiwa mbele ya nchi nzima bila ushahidi wa kutosha, ama ushahidi ulikuwepo na ukaachwa. Vyovyote iwavyo, kuna afisa wa umma aliyefanya jambo baya sana. Hakuna aliyewajibishwa kwa lolote kati ya hayo mawili, na kesi ilipoondolewa, nafasi yetu ya kujua lipi ni lipi iliondoka nayo.

Wa tatu ndio unaofanana na ushindi. Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, alishtakiwa Julai 2019 kuhusu zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588. Alipatikana na hatia Februari 2025 na kuhukumiwa faini ya shilingi milioni 53.5 au kifungo cha miaka 12, akapelekwa gerezani, akakata rufaa. Hukumu hiyo ni kitu kikubwa na sitaki kuidharau. Lakini kutoka mashtaka hadi hukumu ilichukua zaidi ya miaka mitano na nusu. Mtoto aliyekuwa darasa la nne siku gavana anasomewa mashtaka alikuwa sekondari siku ya hukumu. Katikati hapo tulipita korona, uchaguzi mkuu, na maandamano ya Juni 2024.

Na hizi ni kesi za majuzi. Goldenberg ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tume ya Jaji Bosire iliundwa 2003, kukawa na vikao, ripoti, na kesi za kupinga ripoti. Anglo Leasing ilifichuliwa muongo mmoja baada ya Goldenberg, na ilipofika 2015 ndipo vigogo waliokuwa serikalini wakati huo walisomewa mashtaka. David Mwiraria, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mmoja wa washtakiwa, alifariki 2017 kesi ikiwa bado inaendelea. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100. Wabunge walikataa mahakama maalum ya hapa nyumbani wakitaka Hague, Hague ikataja Wakenya sita, na kufikia Aprili 2016 kesi zote sita zilikuwa zimeisha bila mtu hata mmoja kupatikana na hatia.

Sasa mbona inachukua muda hivi? Jibu la mtaani ni moja: wamehongana. Pengine. Lakini jibu hilo, hata likiwa kweli, linatufanya wavivu, kwa sababu linafunga mlango wa kutazama. Ukifuatilia kesi hizi utaona mbinu zenye majina na taratibu, nyingi zikiwa halali kabisa. Mshtakiwa anakimbilia Mahakama Kuu kudai haki zake za kikatiba zimekiukwa, na kesi ya chini inasimama hadi ombi hilo liamuliwe. Likitupwa, anakata rufaa. Stakabadhi ni maelfu ya kurasa na kila wakili lazima apewe nakala. Washtakiwa wako kumi na kitu, kila mmoja na wakili wake, na mmoja wao akiugua wote wanarudi nyumbani. Hakimu anahamishwa, na anayekuja anaweza kuombwa aanze upya. Mpelelezi anastaafu. Shahidi anapata kazi Qatar. Kumbukumbu inafifia, na wakili mzuri anajua kuitumia: "Kwa hiyo, bwana shahidi, huna uhakika ilikuwa Jumanne au Jumatano?"

Kinachouma ni kwamba sheria ililiona hili mapema. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 inasema kesi hizi zisikilizwe siku baada ya siku hadi ziishe, kadiri inavyowezekana. Soma hayo maneno mawili ya mwisho tena. Nchi nzima imejificha ndani ya "kadiri inavyowezekana". Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kumalizika bila kuchelewa kupita kiasi. Ni haki yake yeye! Katika haki zote ambazo mawakili wa vigogo huzipigania kufa kupona, hiyo ndiyo utakayoisikia mara chache zaidi.

Halafu tazama jinsi mkono huo huo wa dola unavyoweza kukimbia. Aprili 2025, wasichana wa shule ya upili ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala. Mchezo wa shule, wa watoto waliovaa sare. Ulikuwa umezuiwa na Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Malala alikamatwa akiwa njiani kuwaona wanafunzi. Mabomu ya machozi yakarushwa. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakasema mwelekezi wao hayupo, wakaondoka bila kuigiza. Mwisho wa mwezi huo BBC ilionyesha filamu yake kuhusu waliouawa nje ya Bunge 25 Juni 2024, na baada ya siku chache watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi wakihusishwa nayo, vifaa vyao vikachukuliwa.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba serikali ni mzee anayetembea na mkongojo. Inapoona haya, inapumua kwa kasi ya mwanariadha wa Iten. Mchezo wa kuigiza ulihitaji siku chache. Bwawa lilihitaji miaka minne na maswali kwa mashahidi wanane.

Hapa ndipo lazima niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawatapenda. Kasi peke yake si haki. Kimathi ni ushahidi. Kesi yake ilikwenda haraka kwa sababu walioiendesha walikuwa wameshajua mwisho wake. Nchi inayoweza kumfunga mheshimiwa ndani ya wiki mbili kwa kuwa mtandao umechemka inaweza kukufunga wewe ndani ya siku mbili, na haitakuwa na haja ya mtandao kuchemka. Taratibu zile zile zinazotukera, kama vile nakala kwa kila wakili, haki ya rufaa, na hakimu asiyeogopa kuachilia mtu ushahidi usipotosha, ndizo zilizowatoa vijana wengi rumande baada ya maandamano. Siwezi kuzisifu Kasarani na kuzitukana Milimani.

Basi tunachodai kiwe nini? Nadhani tunadai kuonekana. Tunataka kesi isogee mbele ya macho yetu, na inaposimama tuambiwe aliyeisimamisha ni nani, kwa sababu gani, na hadi lini. Kwa sasa tunaiona siku ya pingu na siku ya kuachiliwa. Miaka ya katikati ni giza, na vyombo vya habari havina mtu wa kukaa pale kila tarehe ya kutajwa, na sisi wenyewe hatuna hamu. Twende tukaone nini? Hakuna kilele.

Angalia hata maneno tuliyoyapeleka barabarani. Mwaka 2024 tulipiga kelele kwamba rais lazima aondoke. Mwaka 2025 neno likawa Wantam, muhula mmoja, na likaimbwa hadi kwenye harusi. Sina tatizo na watu kuamua wanavyotaka kupiga kura. Ninachosema ni kwamba hadithi iliyo ndani ya maneno hayo ni ya Kigogo: Majoka akitoka, Sagamoyo imepona. Hadithi hiyo haina nafasi ya kuuliza kuhusu Kenga, mshauri aliyevuka upande dakika ya mwisho. Kenga atashtakiwa? Au atakuwa waziri kwenye serikali ya Tunu? Hesabu ni mawaziri wangapi nchi hii wamewahi kuvuka wakati ukuta unaanguka, kisha uniambie.

Kuna watu waliojaribu kuandika sehemu hiyo ya katikati. Michela Wrong aliandika It's Our Turn to Eat, kitabu cha 2009 kuhusu John Githongo, aliyekuwa akisimamia vita dhidi ya ufisadi ikulu na aliyeondoka nchini baada ya kuona Anglo Leasing kwa karibu. Maduka ya vitabu Nairobi yaliogopa kukiweka, kikauzwa mikononi. Ni kitabu kizuri, kina mbio za filamu ya kijasusi, na labda hapo ndipo kinaponikwaza kidogo. Kina shujaa. Msomaji anamfuata Githongo na kinasa sauti chake, moyo unadunda, na kitabu kinaisha kabla ya kesi yoyote kuanza kutuchosha.

Kinachonikaa zaidi rohoni ni kile cha Billy Kahora, The True Story of David Munyakei, kilichotolewa na Kwani Trust. Munyakei alikuwa karani Benki Kuu. Aliona malipo ya Goldenberg yakipita mezani, akaona hayaeleweki, akatoa karatasi nje. Alikamatwa, akapoteza kazi, akaenda Pwani kuanza maisha mapya, na alifariki 2006 bila kurudishwa kazini. Kahora hamfanyi malaika. Anamfuata mtu ambaye alifanya jambo moja kubwa akiwa kijana, kisha akaishi miaka zaidi ya kumi ndani ya matokeo yake, akipigiwa makofi mara moja moja na kusahauliwa siku zilizobaki. Hapo ndipo unapoelewa gharama halisi ya kesi isiyoisha. Kigogo halipi. Analipa karani.

Hiki ndicho kitu ambacho hasira yetu ya mtandaoni haikioni. Tunahesabu mabilioni yaliyopotea, na mabilioni hayana uso. Lakini kila mara kesi inapoahirishwa kuna mhasibu wa kaunti aliyekubali kutoa ushahidi na sasa anakula chakula cha mchana peke yake ofisini. Kuna mpelelezi aliyehamishiwa kituo cha mbali. Kuna mkulima aliyeambiwa shamba lake litachukuliwa kwa ajili ya bwawa, akaacha kupanda miti, na bwawa halikuja. Mwenzao mdogo anayetazama haya yote kazini anajifunza haraka: akiona karatasi isiyoeleweka ikipita mezani, aipige muhuri.

Vitabu hivyo viwili vimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sijakiona chetu. Tuna utajiri wa mafumbo ya utawala mbovu, kutoka Walenisi ya Katama Mkangi hadi Kigogo, na tunajua kuwapa madikteta majina ya kuchekesha na nchi za kubuni. Fumbo lilikuwa na kazi yake enzi ambazo mwandishi angeweza kuwekwa kizuizini, na Mkangi mwenyewe aliwekwa. Lakini fumbo huongeza ukubwa wa kila kitu. Joka ni kubwa mno kuingia kwenye chumba cha mahakama chenye feni mbovu. Ili kuandika kesi unahitaji vitu vidogo: kiatu cha wakili, muhuri, benchi, simu inayotetema wakati hakimu anaandika tarehe.

Wengine watanitajia Kafka. Sawa, lakini kwa Kafka mshtakiwa ndiye anayeliwa na kesi isiyoisha. Anazunguka korido hadi anaisha. Kwetu mambo yamegeuzwa. Mshtakiwa ana walinzi, anakata utepe, anagombea tena, na kwenye fomu za tume ya uchaguzi anaandika kwamba hajahukumiwa, na ni kweli. Anayezunguka korido ni mwananchi. Riwaya hiyo haijaandikwa popote kwa sababu ni yetu.

Na vifaa vyake havijafichwa. Milimani kuna vyumba vya mahakama vilivyo wazi kwa umma. Unakaguliwa mlangoni, unaingia, unakaa nyuma, unanyamaza. Maamuzi mengi yanawekwa kwenye tovuti ya Kenya Law na kusoma ni bure. Ukisoma uamuzi mmoja wa kesi ya ufisadi kutoka mwanzo hadi mwisho utakutana na mazungumzo ambayo mwandishi wa tamthilia angejivunia, na utajua kesi imekufa wapi hasa: ukurasa upi, kwa mkono wa nani, kwa kisingizio gani. Kijana anayejua hilo hawezi kuridhishwa na habari ya pingu. Atauliza swali la pili, na la tatu, na atakumbuka tarehe.

Mimi ningeanza na ile orodha ya Arror na Kimwarer. Mashahidi 49, wanane wakaulizwa maswali, 41 hawakuulizwa. Hao 41 ni watu. Waliandika taarifa kwa wapelelezi, waliambiwa wajiandae, pengine mmoja alinunua suti, mwingine akamwambia mkewe asimwambie mtu. Walijua jambo fulani kuhusu pesa zetu, dogo au kubwa. Serikali haikutaka kulisikia. Nani kati yetu ataandika walichokuwa wanaenda kusema?